Kuku wa Mlangoni kwa Pascasie

Jumapili, 9 Aprili 1972

Kulthumu amepanda boti asubuhi kwenda Kigoma. Zuwena, binti yetu, amekaribia kujifungua na anamtaka mama yake. Mimi hakuna aliyenitaka. Haya.

Ameniachia nyumba, cherehani na kuku wake. Kuhusu nyumba hakusema kitu. Kuhusu cherehani hakusema kitu. Kuhusu kuku alisema mpaka boti ikaondoka, na hata ilipokuwa mbali nilimwona mdomo bado unakwenda. Maji yao yabadilishwe. Banda lifungwe kabla ya magharibi. Vifaranga wasiachwe peke yao. Na wewe Alimasi usiwapigie kelele, wataacha kutaga! Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuogopa kelele zangu kwa ajili yake mwenyewe.

Nimekula ugali wa baridi. Kumbe nyumba hii ni kubwa hivi.

Jumatano, 12 Aprili

Mwewe! Mchana kweupe. Nimekaa barazani nakata suruali ya mtu, kivuli kikapita, kifaranga hayupo. Nikatoka mbio, mita ya kupimia nguo shingoni, napiga makofi kama mwendawazimu.

Jirani yangu Pascasie, mke wa mwalimu, alikuwa anaanua nguo ng'ambo ya uzio. Alicheka mpaka akakaa chini.

— Baba Zuwena, unampigia mwewe makofi? Atafikiri umefurahi!

Akauliza kama kwetu tunafuga kuku au tunakula tu. Nikamwambia kwetu wanawake wanafuga, wanaume wanakula, na kula nako ni kazi.

Akaingia ndani, akarudi na kichupa cha wino wa shule, ule wa zambarau, ameuchukua kwa bwana wake. Tukawapaka vifaranga wote mgongoni. Anasema mwewe anatafuta kifaranga, hatafuti ua. Sasa nina vifaranga wa zambarau. Nina vidole vya zambarau. Na suruali ya mteja — tusiseme.

Alhamisi, 20 Aprili

Kuku wake na wetu wanapita kwenye tundu la uzio, wanachanganyika. Nimekata vitambaa vya kuwafunga miguuni: vyekundu kwa kuku wa Pascasie, vya buluu kwa wa Kulthumu. Wateja wangu wa kwanza wasiosema inabana.

Wake ni wanne. Mkubwa wao ni jike jeupe alilolinunua misheni, wanamwita Masera, kwa sababu anatembea kama sista aliyekuta watoto wanapigana. Jioni anatangulia, wenzake nyuma kwa mstari, mpaka mlango wa jikoni kwa Pascasie. Wanakaa pale. Wanangoja wafunguliwe, maana kwake kuku wanalala ndani, kwenye kona ya jiko. Wetu wanalala bandani kama watu wasio na cheo.

Mwalimu mwenyewe amenipigia kelele akiwa juu ya velo yake, anakanyaga pedali: fundi, wanafunzi wangu wanaandika kwa penseli kwa ajili ya vifaranga wako! Mtu mzuri yule. Nimecheka peke yangu hadi isha.

Jumapili, 30 Aprili

Jana bunduki. Watu wenye mapanga walipita, wameua watu. Leo moshi upande wa Minago na wanajeshi barabarani. Huyu anasema hivi, yule anasema vile. Boti zote zimezuiwa.

Kulthumu yuko ng'ambo. Sijui kama mtoto wa Zuwena amezaliwa.

Nimewapa kuku maji.

Jumanne, 9 Mei

Mwalimu aliitwa na serikali kwenye mkutano Ijumaa. Alivaa koti lile nililomshonea. Hajarudi. Ni Muhutu, tena mtu wa shule, na wanaoitwa siku hizi ni hao. Hakuna anayelisema hilo kwa sauti. Hata mimi hapa, peke yangu na kalamu, nimeliandika kwa herufi ndogo.

Jioni nilimwambia Pascasie kitu kuhusu jogoo wangu, nimchekeshe kidogo. Alichukua ndoo yake, akaingia ndani.

Mjinga mimi.

Ijumaa, 12 Mei

Alfajiri aliniita uzioni. Mtoto mgongoni, jembe begani, kama mtu anayekwenda shambani Gatete. Lakini chini ya kitenge alikuwa amevaa magauni mawili, moja juu ya jingine. Fundi anaona mambo hayo hata asipotaka.

— Baba Zuwena, unitunzie kuku. Nitakuja kuwachukua.

— Lini?

— Wewe wape maji tu.

Halafu akageuka kunifundisha, hata leo! Nikiwahamishia kwangu niwafungie bandani siku kadhaa bila kutoka, wazoee. La sivyo kila jioni watarudi kwake.

— Mwanafunzi wangu huyu ni mgumu, akasema. Karibu acheke. Akanishukuru kwa lugha yake: Murakoze, baba Zuwena.

Akafunga kufuli. Alishika njia ya ziwani, si ya Gatete. Sikuangalia mpaka mwisho, ili nikiulizwa niwe sikuona.

Jumamosi, 13 Mei

Nimewafungia. Wamelia tangu asubuhi. Masera halii kama kuku, analia kama mtu aliyefungiwa kwa makosa ya mwenzake. Jua lilipoanza kushuka nikafungua.

Wakapanga mstari. Wakapita tundu la uzio. Wakakaa mbele ya mlango wa jikoni, wakangoja.

Nikawafuata, nikakaa nao kidogo. Kisha nikawabeba mmoja mmoja kuwaleta bandani. Masera wa mwisho. Moyo wake unapiga haraka kuliko cherehani yangu.

Jumatatu, 22 Mei

Mushagalusa, muuza mawese, amekuja kushonewa kola. Kawaona kuku wenye vitambaa vyekundu.

— Kula, fundi. Mwenyewe hayuko.

— Hayuko, au hatakuwako?

Akaangalia vidole vya miguu yake. Akasema kola isibane.

Nikimla mmoja tu, nitakuwa nimekubaliana na Mushagalusa. Ndiyo maana siwali. Si wema. Pascasie mwenyewe angesema ni kwa sababu sijui kunyonyoa.

Na niandike ukweli mmoja: ningewafungia siku zile alizosema, wangekuwa wameshazoea kwangu. Sikuwafungia. Kila jioni nawaacha waende. Nakwenda kukaa nao mlangoni pale, nyumba inakuwa kama ina wenyewe waliotoka kidogo. Siku nzima sina mtu wa kunitania. Masera ananitazama kwa jicho moja, halafu kwa lingine, hajaamua lipi linaniona mjinga zaidi. Si haba.

Wino unawatoka vifaranga. Manyoya mapya yanaota kahawia.

Ijumaa, 2 Juni

Kenge! Mkubwa kama mkono wangu na nusu, ametoka mateteni kule ziwani, akaingia bandani mchana kupitia chini ya mlango. Kelele! Nilikuwa napiga pasi. Nikakimbia na pasi yenyewe, mkaa ndani unawaka, nikamtupia. Nikamkosa. Nikaunguza mlango wa banda. Lakini cheche zilimrukia, akatoka akikimbia, na mimi nikatoka upande mwingine, nakimbia vilevile.

Kuku mmoja amekufa. Nikamgeuza kuangalia mguu. Buluu.

Alhamdulillahi! nikasema kwa sauti.

Halafu nikaona aibu. Kuku wa mke wangu amekufa na mimi namshukuru Mungu. Kulthumu akirudi nitamwambia kenge hakuchagua.

Akirudi.

Jumanne, 13 Juni

Radjabu, shefu wa mtaa wetu, amekuja kupimwa kanzu. Kanzu ya nini wakati huu? Nikajua ana neno. Alingoja niwe nyuma yake napima mabega, ndipo akaongea, macho yake barabarani.

Kesho vijana wa chama wanapita kuchukua vitu vya waliokimbia. Vitanda, mabati, mbuzi, kuku. Na anayemtunzia mtu aliyekimbia ataulizwa mtu huyo yuko wapi. Wanaoulizwa wanapandishwa gari, hawarudi.

— Umenielewa, Alimasi?

— Mabega yako yamepungua, nikamwambia.

— Ya nani hayakupungua.

Alipokwenda nilichukua mkasi nikakata vitambaa vyekundu vyote vinne. Nikafunga vya buluu. Masera alisimama kimya, ametoa mguu, kama mteja anayejiheshimu. Nimekata vitambaa vingi maishani, sijawahi kusikia mkasi unapiga kelele kiasi hiki.

Sasa wote ni wa Kulthumu. Unisamehe, Pascasie.

Nimewafungia bandani na sitafungua. Naanza leo somo ulilonipa mwezi uliopita.

Jumatano, 14 Juni

Wamekuja alasiri. Radjabu na vijana wawili wenye fimbo. Wamevunja kufuli la Pascasie. Wametoa meza ya mwalimu, kitanda, sufuria. Kichupa cha wino kilianguka kikapasuka, mlangoni kuna doa la zambarau.

Kisha kijana mrefu akaja uzioni.

— Amahoro, mzee. Hizi kuku ziko za nani?

— Za mama wa nyumbani kwangu.

— Zote?

— Zote. Angalia miguu.

Aliangalia. Alicheka vizuri tu, kicheko cha mtu ambaye wakati mwingine ningempenda.

— Mzee, wewe uko mushonaji. Kitambaa utakosa? Mimi nimekulia kwa nyanya yangu kule Kizuka, nimelala na kuku nyumba moja. Fungua banda. Tutakaa, tutaona jioni wanakwenda kulala wapi.

— Na wakilala kwangu?

— Tunakunywa maji yako, tunakwenda.

— Na wakilala kule?

— Basi utapanda gari, utueleze nani alikupa na yuko wapi.

Nimefungua. Ningefanya nini?

Nimekaa kwenye kigoda mbele ya banda, naandika. Wanafikiri ni vipimo. Nimemwaga mahindi yote ya nyumbani hapa miguuni pangu, nimeweka maji mapya, nimefungua mlango wa banda mpaka mwisho. Wa Kulthumu wameshaingia. Hawajawahi kunitii hivi. Wanne wa Pascasie bado wanadonoa.

Radjabu amekwenda kukaa mlangoni kwa Pascasie, penyewe wanapokaa. Amenyoosha miguu, ameziba mlango wote, kanzu imefunika kizingiti na doa. Anasema mgongo unamuuma. Sijui kama unamuuma kweli au ananisaidia. Haniangalii.

Kijana mrefu amesimama kwenye tundu la uzio, pembeni, asiwatishe. Anajua kazi.

Jua limegusa milima ya Kongo. Ziwa limekuwa jekundu. Hakuna boti.

Mahindi bado yapo mengi. Nawaita kama Pascasie alivyokuwa akiwaita, kru-kru-kru. Kijana anacheka. Radjabu anakohoa.

Ningewafungia siku zile! Lakini ningekaa na nani?

Masera ameacha kudonoa. Ameinua kichwa. Ananitazama kwa jicho moja. Sasa kwa lingine. Kitambaa cha buluu kimemkaa vizuri, nitasema hivyo popote nitakapoulizwa.

Ingia ndani, mama. Leo tu.

Amegeuka. Wenzake wameinua vichwa, wanajipanga nyuma yake. Radjabu hakunji miguu. Masera amefika kwenye tundu, amesimama, anautazama mlango wake, na hapo mlangoni kuna mtu, na yeye tangu Pascasie aondoke hajawahi kumkuta mtu ametangulia hapo, na sijui atamwona kizuizi au mwenyewe aliyerudi kumfungulia —