Dawa Kutoka Mkono wa Silima

Jumanne, 3 Mei 2016

Vidonge vimebaki sita. Kila siku viwili baada ya Isha, maana yake siku tatu. Halafu basi.

Leo nilipotoka skuli nikapita kituo cha afya. Silima yuko dirishani, benchi tupu. Tangu uchaguzi wa marudio watu wa hapa Wingwi hawamwendei, hawamwitikii salamu, hauziwi hata samaki. Muunguja, na chama chake ni kile cha serikali. Wagonjwa wanapanda gari mpaka Micheweni kwa homa tu! Lakini dawa zangu hutumwa kwake kutoka hospitali ya Chake, zimeandikwa jina langu. Sina pengine.

Zimebaki hatua kumi — Tatu huyo, mke wa kaka, na ndoo yake kichwani. Kasimama kunitazama. Nikajifanya nimekosea njia. Mtu mzima, miaka arubaini na mbili, nimezaliwa hapa hapa, nimekosea njia!

Jumatano, 4 Mei

Kaka Jaribu kaja kusema na mie. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mwatum, mtu humwitikii salamu, halafu umeze kitu alichokushikisha?"

Nikamwambia dawa kaandika daktari wa Chake, Silima anagawa tu.

"Ndo hapo hapo penye kugawa."

Mwana wa kaka, Mabruki, kakimbilia Mombasa tangu Machi. Inasemwa Silima ndiye aliyetoa majina ya vijana kwa polisi. Nani kamsikia akiyatoa? Hakuna. Nani anajua kwamba kayatoa? Wote.

Na kaka anajua nilivyokuwa! Mume wangu Suhail alipofariki, miezi mitano sikulala. Nikishika chaki moyo unakwenda mbio, chakula mdomoni kama mchanga. Nilipoanza vidonge, wiki tatu nzima sikuona faida, mdomo kukauka tu. Daktari kasema vumilia, vinachukua muda. Nikavumilia. Nikalala. Siku moja nikacheka, na Tatu mwenyewe akasema, wifi umerudi.

Sasa wanataka niende tena.

Jumamosi, 7 Mei

Siku ya pili bila kitu. Nimepiga simu Chake. Nesi kasema dawa yako iko kituoni kwenu, dada, nenda kachukue. Siwezi. Kwani huwezi kutembea? Naweza kutembea. Basi tatizo ni nini?

Nikakata. Utaanza wapi kumweleza? Daktari mwenyewe yupo siku moja kwa mwezi, kadi yangu inasema tarehe 31. Tarehe 31!

Jumapili, 8 Mei

Kichefuchefu. Kichwa. Usingizi hakuna. Nimemfokea kuku.

Kaka kaniletea vidonge vinne kwenye kipande cha gazeti. Vyeupe, vidogo. Vilibaki kwa mzee mmoja Konde, kafariki mwaka jana. Vya usingizi, kasema, safi kabisa. Havina jina, havina tarehe. Viatu vyake vimejaa vumbi — kazunguka tangu asubuhi kuvitafuta. Nikavipokea.

Jumatatu, 9 Mei

Jana kimoja hakikunipa kitu. Leo viwili.

Jumanne, 10 Mei

Mstari wa jana, mwandiko kama si wangu.

Nimeamka saa nne. Ningebaki kitandani! Lakini Darasa la Saba wana jaribio, nikajikokota. Nimefika ubaoni, nimeandika swali la kwanza, la pili sikumbuki. Nilipofumbua macho niko chini, kwenye mkeka wa chumba cha walimu, na mwalimu mkuu, Bi Widad, ananipepea kwa daftari.

Wakaanza kushauriana gari la Micheweni. Gari halipo. Lingine lipo, dereva hapokei simu. Na kituo cha afya kinaonekana dirishani! Nikasema, Silima yupo pale. Walimu sita, wote wamesoma, kila mmoja anatazama viatu vyake.

Nikainuka mwenyewe. Bi Widad kanishika mkono mpaka kwenye uzio. Pale kaniachia. Samahani Mwatum, kasema, na mie naishi hapa.

Silima hakuniuliza kwa nini sikuja. Kauliza neno moja: "Umemeza nini, Mwalimu?"

Nikatoa kipande cha gazeti na kidonge kilichobaki. Kakigeuza, kakigeuza.

"Mimi sikijui hiki. Na wewe hukijui."

Kanipima presha, kampigia daktari, kaweka simu wazi nisikie. Daktari alikasirika. Dawa ya mtu mwengine usiiguse tena, hata akupe mama yako. Kidonge cha kulala juu ya kidonge cha kulala, na hujui nguvu yake — pumzi inaweza kukatika. Yako nayo haiachwi ghafla, ndiyo sababu ya hicho kichefuchefu. Ukisahau siku moja usilipize kwa kumeza mara mbili. Leo na kesho usimeze chochote. Alhamisi uanze upya na kimoja, si viwili, wiki nzima, kisha tutazungumza. Na mtu wa nyumbani ajue unatumia nini, akuangalie.

Mtu gani wa nyumbani?

Silima kanilaza kwenye benchi mpaka alasiri, kila mara anakuja kutazama ninavyohema. Wanawake wanapita barabarani, shingo zimegeukia upande wa pili. Aliponipa bahasha ya vidonge vyangu akasema Ijumaa atakuja kwetu, awaeleze.

"Usije."

"Wasinijibu, Mwalimu, nimezoea. Lakini wasikie."

Alhamisi, 12 Mei

Bahasha naiweka ndani ya mto. Leo kimoja, baada ya Isha.

Kaka anajua. Kijiji kizima kinajua. Hajasema na mie tangu juzi. Tatu huweka uji mlangoni, anakwenda zake.

Ningekufa kwa vidonge vya gazeti, wangenizika kwa heshima zote. Nikipona kwa vya Silima, ni aibu. Hebu mtu anieleze hesabu hiyo, mie nimeshindwa, na ndiyo ninayosomesha!

Ijumaa, 13 Mei

Kimoja jana. Nimelala masaa manne. Si haba.

Alasiri sasa. Kaja! Kaja kweli! Niko chumbani, dirisha wazi, naandika huku nasikia. Katoa salamu uani. Kile Kiunguja chake, hata asiyemwona anamjua. Kaka yuko barazani na kikombe cha chai, anatazama kuku. Tatu kaacha kupepeta mchele. Majirani wametoka nje, eti wanaanua nguo.

Salamu ya pili. Hakuna.

"Bwana Jaribu, maneno mawili tu ya dada yako, kisha niondoke."

Hakuna.

Nitoke? Nikitoka nitasema nini?

Ngoja. Kaka kasema kitu. Si kwake — kwa mkewe: "Tatu. Muulize huyo mtu. Vile vidonge nilivyompa Mwatum, vingemuua?"

Mtu mwenyewe yuko hatua tatu!

Na Silima naye kamgeukia Tatu. "Bi Tatu, mwambie mumeo, angeweza kulala asiamke. Mwambie pia najua hakukusudia."

Tatu hakumwambia. Kashika ungo tu, anatazama huku, anatazama kule. Kikombe cha kaka kimesimama hewani, hakijafika mdomoni.

Kakiweka chini.

"Tatu," kasema, "muulize. Hivyo vyake huyo, Mwatum anavimeza kabla ya kula, au baada?"

Silima bado kasimama juani. Hakuna aliyemwambia karibu — natoka mie.