Maji Uliyomtumia Zawadi

Msalato, Dodoma

Kaka Longino,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, si kwa sababu moyo umenituma. Hapo Songea najua mko wazima, maana mama aliniambia biashara yako imechanganya. Huku upepo na vumbi ni vilevile, na mdogo wetu Zawadi nusura tumzike.

Mama nilimwambia ni malaria. Wewe nakuandikia ukweli hapa WhatsApp, kwa sababu nikikupigia huwa unanikatiza.

Yale maboksi ya maji ya alkali, hayo unayouza ukisema yanaondoa asidi mwilini, uliyotuma kwa basi yalifika. Nilifurahi, maana maji ya bomba ya hapa yana chumvi, nikadhani umetuhurumia. Sikujua kwamba ulimtumia Zawadi na ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza kwenye simu yake yeye akiwa hajitambui. Unamwambia kisukari chake kinaletwa na asidi, sindano za insulini zinaiongeza, aache kuchoma, anywe maji yako tu. Zawadi ni mwanafunzi wa chuo, lakini wewe ndiye uliyemlea baba alipofariki. Angekubishia vipi?

Alianza kutapika. Kiu haikatiki, kila mara yuko chooni. Siku moja nimerudi kazini namkuta ameketi kitandani anahema pumzi ndefu ndefu, kama mtu aliyepanda mlima, na kinywa kinanuka matunda yaliyochacha. Mwenye nyumba wetu, mama mmoja wa Haneti, alimshika upande mmoja, mimi upande wa pili, tukampakia kwenye bajaji kwenda hospitali. Njia nzima alikuwa analitaja jina lako.

Daktari hakunificha. Alisema insulini ikikosekana, sukari inabaki kwenye damu bila kutumika, mwili unachoma mafuta badala yake, na hapo ndipo asidi inapozidi. Damu ina namna yake ya kuizima, mapafu yanasaidia kwa kuhema, na figo nazo zinaitoa. Kwa Zawadi vyote vilikuwa vimezidiwa. Nikamtajia maji yako.

"Hayo nguvu yake inaishia kwenye asidi ya tumbo," akasema. "Damu hayaibadilishi. Kilichomponza ni kuacha sindano."

Umesoma hapo, Kaka? Asidi uliyojidai kuitoa ndiyo uliyomletea.

Walimwekea dripu ya maji na insulini, wakawa wanampima damu mara kwa mara, hadi pumzi ikatulia. Sasa anakula uji. Jana, uliposikia kwa mama kwamba alikuwa anatapika, ukatuma ujumbe mwingine: avumilie, kutapika ni sumu zinatoka. Nikamsomea. Akageukia ukutani.

"Mwambie kaka nimeshachoma," akasema.

Usije Dodoma. Akikutaka atakuita. Lakini kabla hujauza chupa nyingine, kaa na mama umweleze kilichomlaza mwanawe. Usipomweleza, Zawadi mwenyewe atampigia, na mimi sitamzuia.

Msalimie mama, mwambie mtoto wake anaendelea vizuri. Msalimie shemeji, mkeo, ambaye sina ugomvi naye. Shangazi Paulina usijisumbue kumfikishia salamu. Nilikumbuka kwamba naye ana kisukari, nikampigia, akaniambia ulishampa maji na sindano zake ukazichukua "ukazitunze". Zirudishe leo. Mama nimemwomba apite kwake jioni ahakikishe zipo; sababu sijamwambia, hiyo ni kazi yako.

Mdogo wako,
Skola