Dada Alisema Ni Mkono Wake

Jumamosi, Makindye. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa jioni haijakatika. Sina raha. Naandika haraka kabla sijapata sababu ya kutoandika, maana najijua, sababu huwa sikosi.

Nyumbani tunaongea Kiswahili tangu babu alipokuja huku na biashara yake kutoka pwani, ndiyo maana naandika hivi, Kiswahili cha mtu aliyeishia senior foo, yaani kidato cha nne. Anayesoma anisamehe lugha. Hayo mengine siombi anisamehe.

Dada yangu mkubwa, Zuhura, ni mshonaji wa kofia. Zile nyeupe za vitundu, ambazo mtu anachora maua kwa penseli kwenye kitambaa, halafu anazungushia uzi kila kitundu, kimoja kimoja, miezi na miezi. Alifundishwa na mama. Kazi yangu mimi ilikuwa kuzipeleka dukani kwangu, soko la Owino. Mtu anayejua kofia, akishika moja haulizi bei kwanza. Anauliza, "Mkono wa nani huu?" Nikisema wa Zuhura, inatosha.

Halafu ugonjwa wa sukari ukaingia machoni. Mwanzo alikuwa anaona vivuli. Sasa hata kivuli hapana.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Badala ya kuwaambia watu kofia zimekwisha, nilichukua moja iliyobaki nikampelekea jamaa mmoja mjini mwenye mashine ya kudarizi inayoendeshwa na kompyuta. Akaipiga picha, akayachora maua upya kwenye skrini, akabonyeza. Asubuhi moja, kofia nzima. Nilisimama pale naangalia sindano inapiga yenyewe, nikafurahi kama mjinga. Nikajiambia nalinda jina la dada. Uongo. Nilikuwa nimezoea kuitwa Hajji wa kofia, na Maka kwenyewe sijaenda.

Watu waliendelea kuuliza mkono wa nani. Niliendelea kujibu wa Zuhura.

Na ile moja ya kweli iliyobaki, nayo niliiuza.

Mwezi uliopita akaingia dukani binti mmoja, Nakato, anasoma historia ya sanaa chuo kikuu. Anakusanya kazi za mikono za zamani, anazipiga picha kila upande, halafu kompyuta inazifanya zizunguke kwenye skrini, hata mtu aliye mbali azitazame kama amezishika. Aliniambia neno likanichoma. Alisema wanaume waliovaa kofia hizi wameandikwa, waliozileta na kuziuza wameandikwa, mwanamke aliyeshona hajaandikwa popote. Yeye anataka kuandika majina. Akaomba kofia ya mkono, moja tu.

Ningesema sina. Nilimpa ya mashine. Nikamtajia jina la dada herufi kwa herufi, asije akakosea.

Sikujua atataka kuja nyumbani.

Leo saa nne akafika, viatu vimejaa matope, kofia iko kwenye boksi imefungwa karatasi laini kama yai. Akapiga magoti kumsalimia dada. Dada alikuwa amevaa gauni lake la Idi. Tangu juzi anajua kuna mgeni anakuja kwa sababu ya kazi yake, na tangu juzi anaimba jikoni.

"Hajati, kofia yako hii," Nakato akasema. "Ishike kidogo nikiwa narekodi. Mimi nimeitazama mpaka nimechoka. Maua yanazunguka kichwa chote, sioni hata yalipoanzia."

Nikajua nimekwisha.

Kofia ya mkono lazima ina mahali pa kufunga. Unachora maua ukizunguka, na ukirudi ulipoanzia hayalingani, inabaki nafasi ya kidole au yanagongana. Kila mshonaji ana ujanja wake wa kupaziba. Dada huweka jani moja, limelala ubavu. Kompyuta haina shida hiyo. Inagawa sawasawa, maua yanakutana kama hayajawahi kuachana.

Dada akaipokea. Kidole gumba kikazunguka ukingo mara moja. Kikazunguka tena, polepole. Mara ya tatu akaigeuza ndani nje, akaisugua karibu na sikio, na mimi pia nikasikia ile karatasi ngumu ambayo mashine inashonea juu yake. Simu ya Nakato inarekodi. Mvua iko kwenye mabati. Mimi natazama sakafu.

"Unaikumbuka, Hajati?"

"Mtu anasahau mtoto wake?" dada akasema. "Ni mkono wangu."

Huyu dada, ukimpa chai mbaya anakwambia mbaya, hata ukiwa mke wa imamu.

Nakato akatoa fomu. Hapa kwetu kusaini tunasema kuweka mkono, tumechukua kwa Waganda. "Sasa weka mukono hapa chini, Hajati, kuonyesha kofia ni kazi yako."

"Mkono gani, mwanangu? Wa sindano au wa kalamu?"

"Wa kalamu, Hajati."

"Aa. Huo ni mwepesi."

Nakato akacheka. Mimi ndiye niliyemshika dada kifundo nikamwelekeza kalamu kwenye mstari. Mimi mwenyewe. Mkono wake ulikuwa baridi, na uso hakunigeuzia.

Mgeni alipoondoka, nilikaa mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa na hakimu.

"Sudi. Za kweli ziko wapi?"

"Niliziuza, Dada."

"Zote?"

"Zote."

"Na hizi za mashine, watu wanasali nazo?"

"Wanasali nazo."

Nikamuuliza kwa nini amenifichia uongo wangu.

"Ningefanyaje, na mgeni yuko ndani?" Halafu akasema, "Imeshona vizuri hiyo mashine. Vitundu vimelingana kuliko vyangu. Lakini ungemwambia mwenye mashine aniachie pale pa kufunga. Hata kosa langu hukuniachia."

Nililia. Mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nalia mlangoni. Nikamwambia nitampigia Nakato nimwambie kila kitu. Nitasema kosa ni langu, dada haoni, alishika kofia akadhani ni yake, asilaumiwe. Nilidhani hapo nimepata njia nzuri ya kumwokoa.

Akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata uso wangu. Akanibana shavu kwa nguvu, kama nina miaka saba.

"Hilo usithubutu. Ukitaka kusema, sema nilidanganya. Sema nilijua mzunguko wa kwanza, ile miwili mingine nilikuwa natafuta la kusema, kwa ajili ya ndugu yangu mpumbavu. Uongo ni wangu, nitautubia. Lakini usiende kuwaambia watu eti vidole vyangu vimekosea."

Nimekaa na maneno hayo tangu adhuhuri.

Nilidhani kukiri ni kutua mzigo. Sasa naona wangu nautua kichwani kwake. Nikinyamaza, jina lake litabaki kwenye ile kompyuta, mwanamke wa kwanza kuandikwa, chini ya kofia ambayo hakuigusa kwa sindano. Nikisema, atajulikana alidanganya mbele ya kamera na akaweka mkono. Njia ya tatu ilikuwa inanipendeza mimi, na yeye ameifunga. Na kofia ya kweli ya kupeleka badala yake hakuna. Labda iko Jinja, labda Nairobi, kwenye kichwa cha mtu ambaye hata jina lake sikuuliza.

Asubuhi nampigia Nakato. Sauti yangu naijua, itatafuta pa kupenya. Itataka kuanza na macho, na sukari, na uzee. Kwa hiyo neno lenyewe naliandika hapa kwanza, lisomwe, nisipate pa kurudi.

Kofia ile niliishonesha mimi, kwa mashine. Dada yangu Zuhura aliijua kwa vidole, gizani, mzunguko wa kwanza. Halafu akadanganya.