Nusu Siku Pisa

Jumatatu, 2 Juni 1947
Nimenoa visu vya jikoni. Sufuria moja ya meli imetoboka. Tunang'oa nanga tarehe 14. Serangi, msimamizi wa mabaharia, amesema tutatia nanga Livorno na mabaharia tutapewa nusu siku ya kutembea. Kutoka hapo hadi Pisa si mbali kwa treni. Pisa ndiko kwao Pietro. Nilimwandikia mama yake tangu Machi kwamba huenda nikafika. Sina raha.

Alhamisi, 5 Juni
Nimetoa ile karatasi sandukuni. Ya mfuko wa saruji. Pietro aliichora hapa Changamwe alipokuwa mfungwa wa vita akichonga mawe, nami mpishi wao kambini. Mnara ulioinama, kanisa, mto, daraja, nyumba yao. "Nusu siku itakutosha," aliniambia. "Ila usianze na mnara. Anza na mama."
Ndivyo nilivyopanga. Mama kwanza. Mnara baadaye, miguu ikikubali.
Pietro alikufa kwa homa mwaka juzi. Nilimvalisha mimi. Mama yake hajui.

Ijumaa, 6 Juni
Mke wangu Kadzo kauliza tena kwa nini sikuandika wazi. Kwetu mtu hatupiwi msiba usoni. Unaandika: fulani hajiwezi, njooni. Msomaji anajua. Analia, anafunga safari. Basi nilimwambia padri wa misheni, anayejua Kitaliano, aandike: Pietro hajiwezi. Nilidhani mama ataelewa. Nilidhani pia taarifa ya Serikali itamfika. Haikumfika, sijui ilipotelea wapi. Akaleta soksi za sufu za mgonjwa. Kila barua anauliza kama kapata nafuu. Nami najibu: bado yu vile vile.
Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeficha kifo kwa maradhi. Mjinga mkubwa.

Jumanne, 10 Juni
Barua ya mama. Padri kanisomea. Kanipangia nusu siku yote. Kuanzia mwezi wa saba atakuja stesheni kila asubuhi, kitambaa chekundu kichwani, mpaka anione. Mnara tutautazama kwa nje tu, magoti yake hayapandi ngazi. Kanisani tumwombee Pietro apone. Saa sita tule kwake. Kitanda cha Pietro amekitandika. "Wenzake wamerudi, amebaki yeye tu. Niletee kipimo cha mabega yake. Akirudi akute koti."
Padri akauliza yuko hospitali gani. Nikamwambia yuko kaburini. Akaiweka barua mezani. Kisha: "Mwanangu, ungelitamka neno lile, ningeliandika siku ileile."
Nilichukua barua nikarudi nyumbani.
Kadzo naye: "Baba Kazungu, yule ni mzazi. Huendi kutembea, unakwenda matangani."
Kweli. Nikachana orodha yangu ya saa na mahali.

Alhamisi, 12 Juni
Hatupiti Livorno. Mzigo umebadilika, tunakwenda Bombay. Serangi alipotangaza, wenzangu walinung'unika. Mimi nilifurahi. Kitambo kidogo tu, lakini nilifurahi. Furaha hiyo ndiyo inayoniuma. Nilisema nangoja nimwambie kwa mdomo, kwa heshima. Uongo. Nilikuwa naogopa.
Na yeye atasimama stesheni na kitambaa chake.

Ijumaa, 13 Juni
Kwa padri asubuhi. Nikasema, andika: Pietro alikufa, nisamehe mama. Akaandika. Akauliza kama kuna jingine. Nikamtajia homa, mwaka, kaburi lilipo. Kwamba nilikuwa naye, nimemshika mkono. Kwamba asije stesheni. Mkono wa padri ulikuwa mwepesi, barua ikaisha upesi. Miaka miwili nimekwepa kazi ya robo saa.

Jumamosi, 14 Juni
Manyunyu. Kifurushi nimekipeleka posta mwenyewe kabla ya kuingia melini. Barua, karatasi ya saruji, na shati la kazi la Pietro nililokuwa nimelihifadhi. Kadzo alitaka alifue, nikamkataza. Limechanika kiwiko, lina vumbi la mawe.
Mabega atayapima mwenyewe.