Amri Niliyompokelea Mkubwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Winny Adongo
Umri: Miaka 15
Kazi: Mwanafunzi, Kidato cha Pili
Makao: Migosi, Kisumu
Ameandamana na: Mamake, Bi. Bridget

Leo ni Alhamisi, tarehe 17 Aprili 2025. Naahidi mbele ya Konstebo Valarie kwamba nitasema yote, hata yale yanayonitia aibu.

Likizo hii nimekuwa nikimsaidia nyanya yangu, Seline, kwenye kibanda chake cha samaki ufuoni Dunga. Serikali ilitaka vibanda vibomolewe, nyanya na wenzake wakaenda kortini.

Mnamo tarehe 11 Aprili, saa saba mchana, Bwana Byron Owiti, afisa wa serikali anayesimamia ufuo, alikuja kula kwetu. Mimi ndiye huwanawisha wageni mikono. Alikuwa katikati ya samaki na ugali, vidole vimejaa mafuta, wakati Bwana Robinson, mpeleka hati za korti, alipoingia. Alisema kwa sauti, "Mkubwa, korti imesimamisha ubomoaji mpaka kesi isikizwe. Amri ndiyo hii. Tafadhali pokea."

Bwana Owiti aliinua mikono. "Nipokee na nini, ndugu yangu? Unataka jaji anuse samaki?" Watu wakacheka. "Mpe karani wangu," akasema, akinielekezea kidevu.

Nimefunzwa kwamba mtu mzima akiwa anakula, mtoto humpokelea. Niliipokea kwa mikono miwili. Nilifurahi kuitwa karani. Nikaiweka kwenye kiti cha gari lake kama alivyoniagiza, dereva akiona. Nilipokuwa nikimnawisha, aliniambia, "Korti haina tingatinga, mama. Mimi ninalo." Nilicheka.

Jumatatu, tarehe 14 Aprili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alikuja na tingatinga na askari. Nyanya alisimama mbele akapaza sauti, "Kuna amri ya korti! Uliletewa hapa, ukila samaki wangu!"

Inspekta aliyekuwa na askari aliinua mkono, tingatinga likasimama. Akamuuliza Bwana Owiti kama ni kweli.

"Mimi? Sijapewa kitu." Halafu alinigeukia akitabasamu. "Karani, kuna kitu nilipokea?"

Wote waliniangalia. "Sema, nyathina, mtoto wangu," nyanya akaniambia. Nilijua jibu. Lakini sijawahi kumwita mtu mzima mwongo mbele ya watu. Niliangalia chini. Inspekta akashusha mkono.

Kibanda cha nyanya kilikuwa cha tatu kubomolewa. Hakunigombeza. Aliniambia tu nishike upande mmoja wa karai, tuokote samaki waliobaki.

Tarehe 23 jaji atasikiza ombi kwamba Bwana Owiti aadhibiwe kwa kudharau korti. Nimeambiwa ameapa kwamba hakujua. Alijua. Aliambiwa nikiwa nimesimama karibu naye na jagi la maji.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa tena, na sina neno la kuondoa.

Sahihi: W. Adongo

Maandishi ya afisa: Maelezo yamechukuliwa nami, Konstebo Valarie, mama wa shahidi akiwepo. Baada ya kutia sahihi, shahidi ameomba swali lake liende pamoja na faili, na ajibiwe kupitia kwa mamake kabla ya tarehe 23. Naliandika kama alivyolisema: "Mimi nilipoishika ile amri badala yake, je, nilimtoa mikononi mwa korti? Na nikisema ukweli sasa, korti bado inaweza kumfikia?"