Nyongeza ya Chumvi

Toongabbie, 4 Agosti 2007

Wifi yangu Gloriose,

Na zile picha za harusi ulizoniuliza kwenye simu, hazipo. Révérien hapendi kupigwa picha. Pole tena kwa kulazwa siku ileile, ukamkosa mume wangu. Wifi, sikujua mtu anaweza kupendwa hivi. Mkate ananiondolea kingo, maana aligundua sizipendi kabla sijamwambia.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda pikiniki kwenye bustani yenye miti mingi. Akanifundisha kukanyaga majani makavu bila sauti, nikacheka hadi machozi. Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akasema wakati wa vita, katika hifadhi ya msitu, yeye na wapiganaji wenzake walifunzwa ujasusi. Mtihani ulikuwa kuuza chumvi nyumba kwa nyumba na kurudi na idadi ya wanaume wanaolala humo.

"Nusura nifeli," akasema. "Nilitoa nyongeza kabla mama mmoja hajaiomba. Akanicheka, 'Wewe ni muuzaji gani?'"

Nikammiminia chai.

Wewe ndiye uliyenisimulia ulivyomcheka muuza chumvi wa namna hiyo, aliyepita kwenu wiki moja kabla wapiganaji hawajamchukua kaka Gad, mumeo. Labda walikosea hivyo wengi. Nampenda, wifi.

Usiniulize kwa simu, anasikia kila kitu. Mtazame vizuri usoni. Kama ndiye, usiseme neno. Zidisha tu chumvi kwenye maharage ya sahani yangu, nitaelewa. Kabla mwezi huu haujaisha tutapanda treni, nikuletee shemeji yako Campbelltown.

Akupendaye,
Akimana