Kilio cha Elena

Jumatatu, mtaa wa Observatory

Bado nacheka peke yangu. Jirani yetu Elena, mshonaji kutoka Moldova, hakuwa akilala kwa hofu ya uchaguzi wa kwao. Wanaotaka nchi iingie Umoja wa Ulaya wakishindwa, mwanawe aliyebaki huko ameapa kuihama nchi moja kwa moja.

Leo asubuhi tulisikia yowe, kisha kilio. Mama Furaha, Mkongomani wa ghorofa ya chini, akajua ni msiba. Kabla sijavaa viatu, wanawake wa kanisa lake walikuwa mlangoni na mkeka, sukari na chupa ya chai, wengine wameshaanza kulia.

Elena akafungua, macho mekundu.

"Nani amekufa, dada?" akauliza Mama Furaha.

"Hakuna! Tumeshinda!"

Nikawaeleza taratibu kwamba Ulaya haijawapokea; wamechagua tu watakaoendelea kubisha hodi, na huenda ikachukua miaka.

"Eish, Mwalimu, miaka?" akasema Mama Furaha. "Na sisi tumeshalia!"

Baadaye mwana wa Elena akapiga simu: anabaki kwao. Hiyo miaka ya kusubiri inanitia wasiwasi, asije akachoka akahama, lakini sikumwambia Elena. Alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake, akifundishwa kupiga vigelegele.